Masika Niliyosahau kwa Makusudi

Machi 4
Niwie radhi, daftari langu, kwa ukimya huu mrefu. Mara ya mwisho nilikuandikia nikiwa mkuu wa shule, na ukurasa ule umeishia katikati ya sentensi, jambo ambalo sikumruhusu mwanafunzi yeyote kulifanya. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa safarini. Nilikuwa na hasira, na mwenye hasira huandika vibaya.

Nimerudi kwa sababu mvua zimeanza na hakuna pa kwenda, na kwa sababu binti yangu ameniandikisha kwa mshauri nasaha wa kwenye mtandao bila kuniuliza.

"Baba, unaongea peke yako," aliniambia asubuhi.

"Naongea na mtu mwenye akili."

"Jana ulikuwa unagombana na birika."

Si kweli. Nilikuwa nagombana na Makamu, aliyekuwa msaidizi wangu shuleni. Birika lilikuwa karibu tu.

Machi 7
Kikao cha kwanza. Binti yangu alinichagulia chumba cha kupigia pasi, kwa kuwa kina mlango unaofungika na hakipitiwi na watu. Nilivaa tai. Simu ilipoita niliiweka sikioni kama inavyopasa, nikaamkiwa kwa shikamoo ya adabu, nikaitikia. Tuliongea kwa muda usio mfupi kabla mwanamke yule hajaniambia, kwa upole mkubwa, kwamba sikio langu analiona vizuri sana ila angependa kuona na uso.

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Nikaegemeza simu kwenye pasi iliyopoa.

Ni mtu wa makamo, ana sauti ya mtu asiye na haraka. Aliniuliza aniite nani. Nikamwambia Mwalimu inatosha. Akaeleza utaratibu: kwamba kikao cha kwanza ni cha kufahamiana, kwamba mtandao ukikatika yeye ndiye atakayepiga tena, nisihangaike, kwamba naweza kukataa swali lolote, na nikiona hatuelewani naweza kutafuta mwingine na yeye hatanuna. Alitaka kujua niko wapi na nani yuko nyumbani, endapo nitahitaji msaada wa haraka. Kisha akasema nitakayosema yatabaki kwake.

"Yote?" nikamwuliza.

"Ukiniambia unapanga kumdhuru mtu, au kujidhuru, hapo siwezi kunyamaza. Lakini nitakwambia wewe kwanza."

"Na nikitaka mtu aangamie kazini?"

Alifikiri kidogo. "Kazi haimo katika hayo, Mwalimu. Hilo tutaliongea."

Nilimpa alama nzuri, nikaikata simu kabla hajaaga, kwa kubonyeza mahali pasipostahili.

Machi 9
Mvua.

Machi 14
Leo nimemsimulia habari za Makamu. Sasa yeye ndiye mkuu wa shule, lakini katika nyumba hii cheo hicho hapati.

Nilimpokea akiwa kijana anayeogopa ubao. Nilimfundisha kupanga ratiba, kuzungumza na wazazi wakali, kusimama mlangoni ili darasa linyamaze lenyewe. Kisha akaenda kwenye bodi ya shule, nyuma ya mgongo wangu, akasema Mzee anasahau. Nikastaafishwa kabla ya wakati wangu. Katika chai ya kuniaga alisimama mbele ya walimu wote akasimulia jinsi nilivyoingia darasani na kuita majina ya wanafunzi waliomaliza zamani. Aliliita kumbukumbu tamu. Walimu walicheka. Mpishi alicheka. Nilikuwa na kikombe mkononi, sikujua nikiweke wapi.

Mshauri hakuniambia nisamehe. Nilikuwa nimeandaa jibu kali kwa ajili ya hilo, likabaki bila kazi. Alisema tu, "Walicheka, na wewe umesimama pale na kikombe." Nikatazama ubao wa pasi.

Machi 15
Mvua. Nimejaribu kusoma, nimeshindwa. Ninaendelea kukiona kile kikombe.

Machi 22
Siku hii nitaiandika yote.

Nilikwenda kunyoa. Kinyozi wangu yuko mkabala na lango la shule, na hakuna linalopita lango lile asilijue.

"Shikamoo, Mwalimu. Umesikia? Ngazi ya nyuma imeshuka."

"Ngazi haishuki. Watu ndio hushuka ngazi."

"Hii imeshuka yenyewe, Mwalimu, na binti wa watu juu yake. Nyonga imevunjika. Mvua hizi zimemaliza saruji yote. Tulia, nisije nikakutia alama."

Nikatulia. Akaendelea, wembe ukiwa shingoni mwangu, kwamba Mwenyekiti wa bodi amekwisha kusema mwenye kosa ni mkuu wa shule: aliona nyufa, akanyamaza, hakumwambia mtu. Kutakuwa na kikao cha kumhoji. Akionekana ana hatia atafukuzwa, na haki zake zote atazisahau.

"Yeye anajiteteaje?"

Kinyozi alicheka hadi akainua wembe. "Hapo ndipo penye utamu. Anasema alimwambia Mwenyekiti ngazi ifungwe, tena mbele ya shahidi. Shahidi nani? Wewe. Mwenyekiti akamwuliza, shahidi wako ni yule mzee uliyetuambia mwenyewe kwamba hajui hata leo ni siku gani?" Akanifuta povu sikioni. "Amejifungia mlango, ufunguo kautupa nje. Sasa, Mwalimu, ni kweli ulikuwepo?"

"Ndevu umeziacha upande huu," nikamwambia.

Nilikuwepo. Ilikuwa siku ya kukabidhi ofisi. Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha, funguo za shule mapajani, na hakuna aliyekuwa akiniona, nilikuwa samani. Mwenyekiti alikuwa anamenya chungwa. Karani alikuwa ametumwa nje. Makamu alisema, "Ngazi ya nyuma ifungwe leo, itaua mtu." Mwenyekiti akajibu bila kuinua macho, "Wageni wanakuja wiki ijayo. Hakuna kufunga kitu. Ukifunga ngazi, mimi nitafunga mdomo wako." Makamu akarudia mara ya pili, na sauti yake ilitetemeka, lakini alirudia. Naikumbuka hata harufu ya lile chungwa.

Watu waliokuwa chumbani ni watatu. Mmoja ni mwongo, mmoja ni mshtakiwa, wa tatu ni mimi.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, mvua ikininyeshea, na sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu nistaafu. Sihitaji kusema uongo mrefu, wala kuinua mkono. Alisema nimesahau. Basi nimesahau.

Machi 23
Nimelala vizuri. Nimekula mayai mawili.

Machi 28
Nilimweleza mshauri mpango wangu kwa ufasaha, pointi kwa pointi. Mvua ilikuwa ikipiga bati kiasi kwamba ilibidi nirudie sehemu nzuri zaidi kwa sauti kubwa, nikihofia binti yangu atasikia kule jikoni.

Nilitaka anigombeze. Mtu akigombezwa hujua amesimama wapi. Yeye akauliza, "Tangu umejua hili, mwili wako unajisikiaje?"

"Mwepesi."

"Naona. Hata uso wako umebadilika." Kisha: "Na yule binti aliyevunjika?"

"Sikumvunja mimi."

"Hapana, hukumvunja."

Mtandao ukakatika. Akapiga tena, kama alivyoahidi. Nilipopokea nilikuwa nimeshaandaa hotuba kuhusu Mwenyekiti, kwamba naye zamu yake itafika, lakini nilipoanza kuitoa niliona kwamba sijui itafikaje. Mimi nikinyamaza, anashinda yeye. Sikulipenda wazo hilo. Nililiweka kando.

Aprili 2
Mvua. Binti yangu anasema nimechangamka, na kwamba hela ya mshauri imefanya kazi. Sikumweleza kilichofanya kazi.

Aprili 11
Kikao kibaya. Mshauri aliniuliza kuhusu majina yale niliyoyaita darasani, ya wanafunzi waliomaliza zamani. Nilimwambia nilikosea siku moja tu na kila mtu hukosea.

"Mwaka ule, nyumbani kulikuwa na nini?"

"Hakukuwa na kitu. Mke wangu alikuwa anaumwa."

Akayarudia maneno yangu polepole, bila kejeli: "Hakukuwa na kitu. Mke wangu alikuwa anaumwa."

Nilimwambia mvua imezidi, simsikii. Nilikuwa namsikia vizuri. Alfajiri ile, kabla sijaenda shuleni, mke wangu alikuwa ameniuliza mimi ni nani. Nikaingia darasani nikaita majina ya darasa nililolifundisha mwaka tuliooana. Si kwamba niliyasahau ya sasa. Nilikuwa nimekwenda mahali anakonijua.

Sikumwambia mtu wakati ule, hata tulipomzika. Makamu hakuwa na njia ya kujua. Hilo nimelisema kwa sauti leo, na nikajichukia papo hapo kwa kumpa udhuru. Angeweza kuuliza. Mtu uliyemfundisha kazi akikuona umepotea njia, anakuuliza kwanza. Haendi kukusema kwenye bodi.

Mshauri alisema, "Unaweza kumhuzunikia mkeo na bado ukamkasirikia huyu. Si lazima kimoja kimfukuze mwenzake."

Vizuri, kwa sababu sikuwa na nia ya kukifukuza chochote.

Aprili 19
Amekuja.

Nilimwona dirishani akifunga mwavuli uliovunjika ubavu. Alivua viatu mlangoni, soksi zake zililowa, akasimama kwenye mkeka kama anasubiri kuitwa ofisini kwangu. Amekonda. Nililitazama hilo kwa makini, na lilinipendeza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ni wa mita ya maji?"

Uso wake ulishtuka. "Ni mimi, Mwalimu. Makamu wako."

"Aa. Kaa basi."

Alikaa ukingoni mwa kiti. Binti yangu alileta chai akarudi jikoni. Mvua ilikuwa imepungua, na nilisikia kijiko kikigonga kikombe chake, akikoroga chai asiyoinywa.

"Mwalimu, najua sina uso wa kuja hapa. Nakuomba jambo moja. Ile siku ya kukabidhi ofisi, ulikuwa umekaa dirishani. Mwenyekiti anakula chungwa. Nikamwambia ngazi ya nyuma ifungwe. Unakumbuka alinijibu nini?"

Nilikuwa nimeisubiri saa hii kuliko nilivyosubiri jambo lolote tangu nizeeke. Nilichukua muda wangu. Nilimtazama mkononi, nikamtazama usoni.

"Ofisi ipi?" nikauliza.

"Ofisi yako, Mwalimu. Ya shule."

"Shule naijua," nikasema. "Mke wangu atarudi sasa hivi, mwulize yeye."

Nilitegemea apige magoti. Nilitegemea alie, au anitukane, au aseme Mzee unaigiza. Kwa lolote kati ya hayo nilikuwa na jibu. Yeye akaacha kijiko. Alinitazama kwa muda, na kilichokuwa machoni mwake hakikuwa hofu ya kufukuzwa. Ilikuwa huruma.

"Usijali, Mwalimu," akasema taratibu, kama anavyosemeshwa mtoto mwenye homa. "Si jambo kubwa. Umekula leo?"

Akainama akalaza ncha ya mkeka iliyokuwa imejikunja, nisije nikajikwaa. Akasogeza kikombe changu mbali na ukingo wa meza. Kisha akaenda jikoni, na kwa kuwa anaamini akili yangu imekwisha, hakujali kama masikio yangu yanafanya kazi.

"Dada, hali yake imezidi sana. Msimwache peke yake na jiko."

"Mbona kwangu yuko sawa tu?" akauliza binti yangu.

"Anamsubiri mama arudi."

Kisha nikamsikia binti yangu akivuta pumzi, na Makamu akasema neno ambalo nimekaa nalo tangu wakati huo:

"Nikwambie ukweli, nilikuwa silali. Nilikuwa najiuliza, labda nilimwonea, labda alikuwa amechoka tu na mimi nikamharibia jina. Kumbe sikukosea."

Akaondoka. Aliniaga kwa mikono miwili.

Aprili 20
Nimempa Makamu kitu ambacho hakuwa nacho na ambacho hakuna mwingine angeweza kumpa: dhamiri safi. Nimempa kwa mkono wangu, na chai juu.

Aprili 23
Binti yangu ameondoa kitufe cha jiko la gesi, anakaa nacho mfukoni. Dawa zangu ameziandikia siku kwa herufi kubwa. Huniambia kila kitu mara mbili. Leo ameniuliza jina lake.

"Unanitania?" nikamwuliza.

"Baba, niambie tu."

Nikamtajia jina lake lote, na la babu yake, na la daktari aliyemzalisha, na kwamba alizaliwa ametanguliza miguu kwa ubishi. Alicheka huku machozi yanamtoka. "Leo ni siku nzuri," akasema. Hivyo ndivyo wanavyosema kuhusu wagonjwa.

Nikimwambia niliigiza, atauliza kwa nini.

Aprili 25
Kikao. Ilibidi binti yangu aniwashie simu, anipangie mto, na kumwambia mshauri kupitia kioo, "Leo asubuhi alikuwa vizuri," kabla ya kufunga mlango.

Tulitazamana mimi na mshauri. Duniani kote, anayejua kwamba akili yangu ni nzima ni mtu mmoja, yuko ndani ya simu, na amefungwa na kiapo cha kunyamaza.

"Mwambie," nikamwambia. "Mwambie binti yangu sijasahau kitu."

"Ninaweza, ukiniruhusu, na ukiwa umekaa naye. Lakini ataniuliza kwa nini ulisema umesahau. Jibu hilo si langu."

"Basi niandikie barua kwamba akili zangu ni timamu."

"Hilo hupimwa na daktari, ana kwa ana, na naweza kukuelekeza kwa mmoja. Nadhani utapita vizuri." Alitabasamu kidogo, kisha akaacha. "Mwalimu, ni kama umefungwa."

Nilimkasirikia kwa mara ya kwanza. Nilimwambia kwamba yeye na upole wake ndio walionifikisha hapa. Kwamba mshauri wa kweli angenikataza tangu mwezi wa tatu. Hakujitetea. Alisema hasira hiyo anaipokea, na kwamba kama ningependa kuzungumzia namna anavyofanya kazi nami, tungeweza. Nani hugombana na mtu wa namna hiyo? Nikamwomba msamaha. Sina mazoea ya kufanya hivyo na nadhani nilifanya vibaya.

Aprili 30
Mvua. Gazeti limeloa. Nimepigiwa simu na kliniki ya wenye kusahau, binti yangu akapokea, akazungumza habari zangu mbele yangu.

Mei 2
Makamu alipita jioni kabla ya giza, hakuingia ndani. Alisimama barazani akizungumza na binti yangu, nami nilikuwa nyuma ya pazia, nikiwa mzima wa macho, masikio na akili.

Kikao cha kumhoji ni keshokutwa. Wakili wake alitaka niitwe hivyo hivyo, nijaribiwe, huenda ningekumbuka hata nusu. Makamu amekataa.

"Nimewaambia wasimwite," alisema. "Mwenyekiti atamchezea mbele ya watu. Atamwuliza tarehe, atamwuliza mke wake yuko wapi. Mimi nilimfanya achekwe na watu mara moja, inatosha. Kama ni kufukuzwa nitafukuzwa."

"Na watoto wako?" binti yangu akauliza.

"Watakula tu. Mke wangu ana cherehani."

Nilishika pazia hadi likatoka kwenye kulabu zake. Heri angenitukana. Mtu niliyemtaka chini yuko chini, na kutoka huko chini ananistahi. Ametupa tegemeo lake la mwisho ili nisiaibike, na aibu yenyewe ni ya uongo, na uongo ni wangu.

Mei 3
Niliomba kikao cha dharura. Mshauri alinipata katikati ya shughuli zake; nyuma yake paliegemezwa ngazi na kopo la rangi, wanapaka ofisi.

Nilimweleza hesabu yangu yote. Nikinyamaza, Makamu anafukuzwa, lakini anafukuzwa akiwa na moyo mweupe, na mimi ninabaki mzee anayenyang'anywa kitufe cha jiko. Nikienda kusema, anaokoka, lakini atajua kwamba alimharibia jina mtu mwenye akili zake, na kwamba mtu huyo huyo ndiye aliyemwokoa, hatalala tena. Mwenyekiti naye atakoma. Nilimwuliza ipi kati ya hizo ni adhabu kubwa zaidi.

"Umezipima zote kwa maumivu yake," alisema. "Hebu nikuulize. Katika ipi wewe una mahali pa kuishi?"

Nilimwambia ngazi iliyo nyuma yake imesimamishwa vibaya, aiegemeze vizuri kabla haijamwangukia mtu. Aligeuka akaitazama. Akainuka, akaisogeza, akarudi kukaa.

Mei 4
Asubuhi. Mvua imekatika, barabara inatoa mvuke. Nimevaa suti na tai. Huo si uamuzi. Huvaa hivyo siku nyingi.

Kikao kinaanza saa nne. Sikuitwa. Binti yangu haniruhusu tena kutoka peke yangu, hivyo ili nifike lazima aniitie gari, na ili aniitie gari, lazima nimweleze yote: birika, chungwa, mama yake niliyesema atarudi sasa hivi. Atanitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwake. Na nikifika, kabla sijataja ngazi, nitasema mbele ya Mwenyekiti na bodi nzima kile Makamu alichonifanyia, chote, na kicheko cha mpishi kikiwemo. Hilo halina mjadala. Nikibaki, nitakunywa chai.

Bado namtaka aanguke. Usidhani nimelainika. Nataka aanguke na nataka niitwe mzima, na nimegeuza jambo hili kila upande, vyote viwili havipatikani.

Binti yangu ameuliza kutoka jikoni, kwa ile sauti ya kumbembeleza mgonjwa: "Baba, unakumbuka leo ni siku gani?"

Anasubiri. Maji yanachemka. Sijamjibu. Nikishamjibu nitakuandikia nimemjibu nini.